Damu nzima, kichwa kina mabaka

Maswali ya wasomaji kuhusu ngozi, kucha na nywele. Anayejibu ni tabibu mstaafu wa magonjwa ya ngozi, mkazi wa Mikindani, Mtwara.

SWALI

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanamke wa miaka 27, naishi Masasi. Nabangua korosho kwenye kikundi cha akina mama, na msimu wa minada ukifika nauza chai na mihogo karibu na ghala. Mwezi wa nne msusi wangu aliniambia, "Dada, huku nyuma pana kitu." Kumbe nyuma ya sikio la kulia pana duara halina nywele, ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Hapawashi, hapaumi. Leo yako matano, na nyusi ya kushoto imeanza kupukutika. Nilipokwenda Dar kwa dada yangu niliingia maabara moja wakanitoa damu vichupa vinne, nikalipa shilingi 180,000. Nimepewa karatasi tatu zimejaa namba. Kila mstari umeandikwa kawaida, ila chembe zinazoitwa eosinofili ziko juu kidogo, na kipimo cha IgE nacho kiko juu. Yule kijana wa maabara akasema nirudi baada ya miezi mitatu tupime tena tuone kama nywele zitarudi. Sasa Bibi, kama damu ni nzima, mbona nywele zinaondoka? Halafu mdogo wangu wa kiume amesoma kwenye simu kwamba Japani wanampaka mtu tindikali kichwani mpaka kiwashe, nywele zinaota. Shangazi aliposikia akasema tindikali hiyo hata sisi tunayo, mafuta ya ganda la korosho. Ameshanitilia kwenye chupa ya soda. Nipake?

Mbanguaji, Masasi

JIBU

Marahaba, mjukuu wangu. Nianze na chupa ya shangazi, maana ndiyo iliyo karibu zaidi na kichwa chako. Usipake. Iondoe hapo ilipo kabla mtoto hajadhani ni soda kweli. Shangazi yako si mjinga, amelikaribia jambo la kweli kuliko anavyojua mwenyewe. Kwa hiyo sitamcheka, nitaeleza.

Ulivyoueleza, huu ni upara wa mabaka, ule ambao hospitali huuita alopesia areata. Kati ya watu 100, kama wawili hivi huupata wakati fulani maishani, wanaume kwa wanawake, watoto kwa wazee. Hauambukizi na haukutumwa na mtu. Ni kinga yako mwenyewe imekosea. Chembe nyeupe za damu ambazo kazi yake ni kupambana na vijidudu zimelizunguka shina la unywele na kulishambulia. Wanaotazama kipande cha ngozi hiyo kwa hadubini husema chembe hizo zimejikusanya kwenye shina kama kundi la nyuki. Shina halifi. Linashtuka, linaangusha unywele, kisha linalala. Neno hilo, linalala, lishike, kwa sababu ndilo litakalokufanya uiogope ile chupa.

Siwezi kuapa bila kukuona. Ungefika barazani kwangu ningekukalisha penye mwanga, nichukue lenzi yangu ya zamani yenye mpini uliofungwa uzi, nitazame ukingo wa baka. Pale ndipo hukaa vijinywele vifupi sana, vinene nchani na vyembamba shinani, kama alama ya mshangao. Katikati ya baka ningetafuta vitobo. Nikiviona vile vitundu vidogo kama vya ncha ya sindano moyo wangu unatulia, maana vinyweleo vipo. Ngozi ikiwa imeng'aa kama kioo bila kitundu hata kimoja, huo si ugonjwa huu, ni mwingine wenye kuacha kovu, na haraka yake ni ya namna nyingine. Baada ya hapo ningeshika nywele kama 50 au 60 kando ya baka kwa vidole viwili na kuzivuta polepole. Zikinibakia mkononi zaidi ya sita, moto bado unawaka. Mwisho ningekuomba unioneshe kucha. Kucha zenye vishimo vidogo vidogo kama subana ya fundi cherehani zinaniambia ugonjwa una mizizi.

Umeona hapo sijagusa damu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, binti wa miaka 23, nikapata huo huo. Bibi yangu mzaa mama aliliona duara juu ya utosi, akasema mende wamenitafuna usiku. Akatwanga kitunguu saumu, akanisugua asubuhi na jioni mpaka ngozi ikavuja maji. Nililia. Baada ya miezi mitatu hivi zikaota nywele nyeupe, laini kama za kichanga, halafu zikageuka nyeusi. Mpaka anaingia kaburini aliamini ni kitunguu chake, na mimi sikubishana naye. Lakini nilikuwa na duara la pili chini kisogoni, lililofichwa na nywele, ambalo hakuliona wala hakulipaka. Nalo liliota mwezi uleule.

Duara lile la kisogoni limenifundisha kazi hii kuliko darasa. Wenye mabaka machache, karibu nusu yao huota nywele wenyewe ndani ya mwaka mmoja, wapake wasipake. Ndiyo maana kila mwenye chupa, awe bibi, mganga au muuza mafuta wa mtandaoni, ana shahidi wa kumleta.

Sasa tuje kwenye karatasi zako tatu. Damu inapita kila mahali, vita viko milimita chache chini ya ngozi ya kichwa. Ni kama kupima maji ya bahari ya hindi hapa Mikindani ili ujue kisima cha Newala kina chumvi. Watafiti wameona mambo fulani kwenye damu za wenye ugonjwa huu: kemikali za kuitana za kinga, kama interferoni gama, huwa juu kidogo kwa wengine, kingamwili dhidi ya tezi ya thairoidi huonekana mara nyingi zaidi, vitamini D huwa chini kwa wengi. Wenye pumu, ukurutu na mafua ya mzio, ambao IgE yao, ile kingamwili ya mzio, huwa juu, kwa jumla huchelewa kupona. Hayo ni kweli. Lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho daktari anaweza kukishika akakwambia, wewe utaota, wewe hutaota.

Kisha kuna hili la kwetu, ambalo yule kijana wa maabara angepaswa kulijua. Eosinofili na IgE hupanda pia kwa minyoo, kichocho na matende. Mtu aliyekulia ukanda wa Mtwara na Lindi, amecheza matopeni na kuoga mtoni, hawezi kusomewa eosinofili zake kama za mtu wa Tokyo. Huenda namba yako hiyo inazungumza habari ya tumbo wala si ya kichwa. Mpe daktari choo apime minyoo, umeze dawa, na zile 180,000 za mara ya pili zibaki kwako.

Sisemi damu isipimwe. Mimi ningekupimia vitu vichache, kila kimoja kikiwa na sababu yake. Wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, ile feritini, kwa sababu wanawake wetu wanapoteza damu kwa hedhi na kwa safura, na chuma kikipungua nywele hupungua kichwa kizima, jambo linalochanganya picha. Tezi ya thairoidi, kwa kuwa ni ndugu wa ugonjwa huu, na inatibika. Kaswende. Usikasirike, simshuku mtu. Kaswende iliyofika hatua ya pili hufanya kichwa kionekane kama nguo iliyoliwa na nondo, na nimewahi kumwona mtu aliyepakwa dawa ya upara miezi minane wakati alichohitaji ni sindano za penisilini. Na VVU, kwa hiari yako. Basi. Vipimo hivyo havikwambii lini utaota. Vinahakikisha tu kwamba hatumfukuzi mwizi ambaye si yeye.

Alama za kweli za kutabiri ziko mwilini, zinaonekana kwa macho: ulianza ukiwa mtoto au mtu mzima, kucha zina vishimo au hazina, mabaka ni ya duara hapa na pale, au yamekwenda kama mkanda kuzunguka kisogo na juu ya masikio, kichwa kimeondoka kiasi gani, na umekaa nao miaka mingapi. Wewe umeanza na miaka 27, una mabaka matano, miezi michache. Nyusi haijanifurahisha, lakini kwa jumla hesabu yako si mbaya.

Sasa tindikali ya Japani. Mdogo wako amesoma sawasawa, ila jina limemdanganya. Ipo dawa inayotokana na asidi ya skwariki, na Wajapani wanaitumia sana. Nyingine, inayotumika zaidi Ulaya na Kanada, ni difensipironi, ambayo daktari Mjerumani Rudolf Happle na wenzake waliitangaza kwa ugonjwa huu mwaka 1983. Kabla yao ilikuwepo dinitroklorobenzini, ikaachwa ilipoonekana maabara kwamba inaharibu vinasaba vya bakteria. Hizi hazichomi kama maji ya betri. Kazi yake ni kukufanyia mzio kwa makusudi.

Nilipata bahati ya kuona kwa macho yangu, nilipopelekwa Ujerumani miezi mitatu kujifunza. Muuguzi alikuwa na glavu mbili mbili, chupa ya kahawia kwa sababu dawa inaharibiwa na mwanga, na harufu ya asetoni imejaa chumba kama saluni ya kucha. Alizungushia pamba kwenye kijiti, akachovya, akampaka mama mmoja kisogoni mraba wa sentimita 4 kwa 4, dawa ya nguvu ya asilimia 2. Mara hiyo moja tu. Ni ya kuutambulisha mwili: mkumbuke huyu. Wiki mbili baadaye mama akarudi, na safari hii dawa ilikuwa ya asilimia 0.001, yaani imezimuliwa mara elfu mbili. Akapakwa nusu ya kichwa. Nusu tu! Akafunga kitambaa siku mbili, asioshe, asipigwe na jua, kisha akaosha. Kila wiki anarudi, na dawa inaongezwa nguvu kidogo kidogo mpaka ipatikane ile inayoleta wekundu na muwasho wa siku moja au mbili, bila malengelenge. Ikipita hapo wanarudi nyuma.

Nusu ile nyingine ilinikumbusha duara langu la kisogoni. Ilikuwa shahidi. Nywele zikiota upande uliopakwa na upande wa pili ukabaki mtupu, ndiyo dawa. Zikiota pande zote, ni Mungu na muda. Wakishaona upande mmoja umeota ndipo wanapaka na wa pili. Nilimpenda sana aliyebuni utaratibu huo, maana anajua jinsi sisi matabibu tunavyopenda kujisifu.

Mbona mzio uoteshe nywele? Wewe unayekaa karibu na ghala utanielewa. Chukulia walinzi wa ghala la chama cha msingi wamepandwa na wazimu, wanawapiga wakulima walioleta korosho zao. Huwezi kuwafukuza walinzi wote, ghala litaibiwa. Unafanya nini? Unapiga kelele getini: mwizi! Wanakimbilia huko, wakulima wanapumua. Dawa ile ndiyo kelele ya getini. Kinga inashughulika na mgeni juu ya ngozi, shina la unywele linaachwa. Ni maelezo ya jumla, wataalamu wanayo marefu zaidi, lakini ndivyo Happle mwenyewe alivyofikiri kwa karibu. Na kelele ikinyamaza mapema walinzi hurudi palepale, kwa hiyo matibabu ni ya miezi, mara nyingi mwaka.

Matokeo nikupe kama yalivyo. Huko Vancouver, Kanada, walifuatilia wagonjwa 148 waliotibiwa kwa difensipironi wakachapisha mwaka 2001. Waliokuwa wamepoteza chini ya nusu ya nywele za kichwa wote waliota vizuri. Waliobaki na kichwa kitupu kabisa, ni kama 17 tu katika kila 100. Na zaidi ya nusu ya walioota, upara uliwarudia baadaye. Madhara nayo yapo: malengelenge, tezi kuvimba nyuma ya masikio na shingoni, na kwa ngozi nyeusi kama zetu mabaka meusi au, vibaya zaidi, meupe yasiyorudi rangi. Mjamzito hapakwi. Hata mto wa kulalia unaweza kumpa mume mzio huo. Wala si dawa iliyosajiliwa ikauzwa kwenye paketi; mfamasia ndiye anayeizimua kwa mizani, kwa ajili ya kliniki inayojua kuitumia.

Sasa umeona kwa nini nilisema shangazi amekaribia. Mafuta meusi ya ganda la korosho yana asidi ya anakadiki na kadoli, na hizo huleta mzio wa aina ileile. Ukoo mmoja na utomvu wa embe. Si unawajua wale ambao wakila embe bichi kwa ganda midomo hubabuka? Ni hilo hilo. Korosho, embe, ndugu. Na wewe mbanguaji unajua kwa nini mnajipaka majivu mikononi kabla ya kushika nyundo.

Ila kati ya kukaribia na kufika pana shimo. Dawa ya kliniki imezimuliwa mara elfu mbili kabla haijakugusa. Chupa ya shangazi haijazimuliwa hata mara moja. Kadoli haiishii kwenye mzio, inaunguza. Nimeshughulikia mikono ya wabanguaji wengi, vidole vimechubuka mpaka alama za dole zimefutika, na mmoja alikuja paji lote la uso limevimba macho hayafunguki baada ya kujifuta jasho. Ngozi ya kichwa ikiungua hivyo inapona kwa kovu, na kovu linalimeza shina. Shina lililolala unaweza kuliamsha. Shina lililokufa halina dawa, si hapa wala Japani. Halafu kuna la riziki: mwili ukishautambulisha kwa mafuta ya korosho, hausahau. Kila utakaposhika ganda msimu ujao utavimba. Utabangua nini?

Basi ufanye hivi. Nenda kliniki ya ngozi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, au kwa kuwa uko Masasi, hospitali ya misheni Ndanda ni karibu, ulizia siku za ngozi. Mikoani kote kuna maofisa tabibu waliosomea ngozi pale hospitali ya KCMC, Moshi, kwenye chuo kilichoanza mwaka 1992, na ugonjwa huu wanaujua. Kwa mabaka matano tiba ya kawaida ni sindano ndogo ndogo za triamsinoloni, dawa ya kutuliza kinga, ndani ya baka lenyewe, kila baada ya wiki 4 hadi 6. Inauma kama kuumwa na siafu, mara nyingi, lakini inavumilika. Wakati mwingine huacha kijishimo kwenye ngozi ambacho baadaye hujaa. Kama unaogopa sindano kuna losheni ya klobetasoli. Hapo niseme jambo: klobetasoli ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye baadhi ya krimu za kujichubua zinazouzwa sokoni bila cheti. Usije ukachota kwenye kopo la jirani ukasema Bibi ameruhusu. Ya upara inapakwa kwenye baka, kwa muda uliopangiwa, na daktari anaangalia ngozi isiwe nyembamba.

Mwombe daktari aache baka moja bila kuligusa, lile dogo kuliko yote, kwa miezi mitatu ya kwanza. Akikataa kwa sababu yake, sawa. Piga picha ya kila baka tarehe moja ya kila mwezi, mahali pamoja, mwanga mmoja, na ile sarafu ya shilingi mia uiweke pembeni kuonesha ukubwa. Hicho ndicho kipimo chako cha miezi mitatu, na hakina bei. Ukiona vinywele vyeupe usiving'oe wala usivipake rangi. Hivyo ndivyo vinavyotangulia.

Mdogo wako akiendelea kusoma simu atakutana pia na vidonge vipya, barisitinibu na wenzake. Ni kweli, vipo. Mwaka 2014 watafiti wa New York, akiwemo Angela Christiano ambaye naye ana ugonjwa huu, walionesha njia ya kuzima ile sauti ya kuitana ya chembe za kinga. Marekani ikakiidhinisha kidonge cha kwanza kwa upara mkali mwezi Juni 2022, na cha pili mwaka uliofuata, kuanzia miaka 12. Ni vya waliopoteza nusu ya kichwa au zaidi, si wewe. Bei yake haisemeki. Na kwa kuwa vinaizima kinga, lazima kwanza upimwe kifua kikuu na homa ya ini, maana kifua kikuu kilicholala kinaweza kuamka. Kwa hapo, ndiyo, damu inapimwa, tena mara kwa mara, lakini inapimwa kwa kuogopa dawa. Si kwa kuzibashiri nywele.

Msalimie shangazi. Mwambie mafuta yake aliyatengeneza vizuri, ayapake kwenye nguzo za nyumba, mchwa hawatasogea.

SWALI

Bibi, mwanangu wa miaka 6 ana mabaka mawili kichwani, yana magamba meupe na nywele zimekatika katika. Kinyozi anasema ni upara wa kinga kama ulioandika toleo lililopita, nisubiri utapona. Mdogo wake naye ameanza kujikuna.

Baba wawili, Lindi mjini

JIBU

Usisubiri. Magamba, nywele zilizokatika, mtoto wa umri huo na mdogo wake anajikuna: hayo ni mapunye, ni fangasi. Yaliyotangulia hapo juu hayamhusu. Krimu peke yake haitoshi kwa sababu fangasi ameingia ndani ya unywele. Anahitaji vidonge vya grisiofulvini kwa uzito wake, wiki 6 hadi 8, ameze pamoja na chakula chenye mafuta kama mchuzi wa nazi ili dawa inyonywe vizuri. Mdogo wake apelekwe siku hiyo hiyo. Na kinyozi wako, kabla ya kutoa ushauri wa kitabibu, aanze kusafisha mashine yake kati ya kichwa na kichwa.

SWALI

Shikamoo Bibi. Nina duara moja kwenye ndevu, upande wa kushoto, laini kabisa. Harusi yangu ni wiki tatu zijazo, Kilwa Masoko. Kuna dawa ya haraka?

Bwana harusi

JIBU

Marahaba na hongera. Ni ugonjwa huohuo, umechagua ndevu. Sindano nilizozitaja huchukua wiki 4 mpaka 8 kabla ya unywele wa kwanza kuonekana, kwa hiyo kwa harusi umechelewa. Usimpe mtu nafasi ya kukusugua chochote usoni sasa hivi, utafika ukumbini umevimba shavu. Nyoa zote.